Kuamka na Kutembea bila Kushikwa Mkono

Ukifika kijijini na kuuliza habari za mzee fulani, watu hawakutajii kwanza jina la ugonjwa wake. Hukujibu: "Angali anatembea," au: "Mtoni anaenda mwenyewe," au, kwa sauti ya chini: "Siku hizi wanamwogesha." Kwa maneno hayo machache umekwisha kuelewa hali yake yote.

Sisi watu wa Kanisa twasema sana juu ya uhuru: uhuru wa nchi, uhuru wa dhamiri, uhuru wa wana wa Mungu. Katika kurasa hizi tunataka kusema juu ya uhuru mwingine, ulio mdogo na usio na bendera: kuamka asubuhi bila kuvutwa, kujiogesha, kuvaa nguo, kula kwa mkono wako, kutoka nje na kwenda unakotaka. Mtoto wa miaka sita anao uhuru huo, wala hajui kama anao. Mtu huutambua siku ile unapoanza kumtoka.

Mwaka 1963, huko Marekani, munganga Sidney Katz na wenzake wa mji wa Cleveland waliandika orodha ya kupimia uhuru huo kwa wagonjwa na wazee. Hawakuuliza mtu ana umri gani wala ana magonjwa mangapi. Waliuliza mambo sita tu: je, anajiogesha mwenyewe? anavaa mwenyewe? anaenda chooni mwenyewe? anatoka kitandani na kukaa kitini mwenyewe? anaweza kujizuia haja kubwa na ndogo? anakula mwenyewe? Orodha hiyo ingali inatumika katika hospitali nyingi za dunia. Tena Katz aliona jambo la ajabu: mara nyingi mambo hayo humtoka mtu kwa utaratibu mmoja, kuoga kwanza na kula mwisho, kinyume cha mtoto, ambaye huanza kwa kujilisha na kuchelewa kujua kuoga. Basi wanakijiji wanaosema "siku hizi wanamwogesha" wanapima sawasawa na munganga wa Cleveland.

Tuweke wazi jambo moja kabla ya kuendelea, maana wasomaji wetu wengi hutembelea wagonjwa. Mtu anayelishwa na kuogeshwa hajapungukiwa utu hata kidogo, wala kutegemea wengine si dhambi wala si aibu. Bwana wetu mwenyewe alimtangulizia Petro habari za uzee ambamo mtu mwingine angemfunga mshipi. Tena kuna magonjwa na ajali ambazo hakuna desturi njema inayoweza kuzizuia. Lakini viko vilema vingi vinavyoingia kwa njia ya jikoni, ya meza na ya kiti, polepole, bila kubisha hodi, na hivyo mtu anaweza kuvifungia mlango. Tutaanza na mfano wa nchi yetu wenyewe, kwani hatuujui mwingine unaoonyesha wazi namna hiyo jinsi desturi ndogo ya kila siku inavyoweza kulinda miguu ya watu, au kuifunga.

Konzo, miguu iliyofungwa

Upande wa magharibi wa Kongo, katika nchi ya Kwango inayopakana na Angola, kuna ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Munganga Giovanni Trolli aliandika juu yake mwaka 1938, lakini wenyeji walikuwa wakiujua mbele yake.

Mama mmoja amelala mzima. Asubuhi anataka kusimama, na miguu inatetemeka, inakakamaa, haimtii. Au yuko njiani kutoka shambani na mzigo wa kuni kichwani, na ghafula anaanguka. Hana homa, hajapigwa, hajaumwa na nyoka. Baada ya siku chache ugonjwa hauongezeki tena. Lakini pia haumwachi. Miguu yote miwili inabaki imekazana, magoti yanasuguana, na mgonjwa anakanyaga kwa ncha za vidole. Kwa wengine hata mikono na ulimi huguswa. Dawa ya kuuponya haipo. Atakaa hivyo mpaka kufa kwake, na huenda akaishi miaka mingi.

Shirika la Afya la Dunia lilipopanga madaraja ya ugonjwa huo mwaka 1996, halikuyapanga kwa uchungu wala kwa damu. Liliyapanga kwa fimbo. Daraja la kwanza ni mgonjwa anayetembea bila fimbo. La pili ni yule anayehitaji fimbo moja au mbili. La tatu ni yule asiyeweza kutembea bila kushikiliwa na mtu. Yaani ugonjwa wenyewe unapimwa kwa kiasi cha uhuru uliobaki.

Wanaopatwa zaidi ni watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mtoto anayenyonya hupona. Mwaka 2013 waganga waliowachunguza watoto wa Kahemba walitangaza jambo zito zaidi: hata akili ya watoto wenye konzo ilikuwa imepungua nguvu, na dalili za namna hiyo zilionekana pia, kwa kiasi kidogo, kwa watoto wa vijiji vile vile waliokuwa wakitembea vizuri.

Palipo na kilema cha ghafula, watu hutafuta mchawi. Makatekista wetu wanajua jambo hili kuliko waganga. Mama aliyeanguka njiani ataulizwa aligombana na nani, na bibi mmoja asiye na mtetezi atatajwa. Kwa hiyo kujua sababu ya kweli ya konzo si elimu ya hospitali tu. Inaweza kuokoa miguu ya mtoto na uhai wa bibi kwa siku moja.

Siku tatu mtoni

Sababu yenyewe ni muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri. Muhogo huo una ndani yake kitu ambacho, mara unapokatwa au kupondwa, hutoa sumu iitwayo sianidi. Tusiuchukie kwa hiyo. Sumu ni silaha yake: inawafukuza panya, nguruwe wa porini na hata wezi, na ndiyo maana watu wenye ardhi hafifu ya mchanga hawataki kuuacha. Mababu walijua namna ya kuunyang'anya silaha. Waliulowesha majini siku tatu au zaidi mpaka ukalainika, kiisha wakaumenya, wakauanika, wakautwanga. Maji na siku zile tatu ndiyo dawa, kwani karibu sumu yote hutoka humo. Kuanika juani peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu, wala kuupika tu. (Sombe nayo ina sumu hiyo, lakini mama huitwanga na kuichemsha sana, na sumu inaondoka na mvuke. Anayeinua mfuniko wa sufuria mapema kwa sababu ya njaa asikasirike akifukuzwa jikoni.)

Mwili wetu pia unayo njia ya kujiokoa. Sumu kidogo ikiingia, mwili huigeuza iwe kitu kisicho na ukali sana na kuitoa katika mkojo. Ila kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo huipata katika protini za samaki, nyama, mayai na maharagi. Ugali wa muhogo mtupu hauwezi kuitoa ya kutosha. Basi konzo hupita katika milango miwili iliyo wazi pamoja: sumu nyingi katika ugali, na mboga duni pembeni yake. Ukifunga mmoja, umekwisha kumsaidia mtu sana.

Sasa tuulize: ikiwa mababu walijua siku tatu, kwa nini watu wao walipata konzo? Waganga Wakongo na wenzao wa Uswidi walilichunguza swali hili katika Bandundu, na mwaka 1992 wakaandika waliyoyaona. Njia kubwa ya kwenda Kinshasa ilikuwa imetengenezwa. Mji ulikuwa na njaa ya muhogo, magari yalikuja kuununua, na muhogo ukawa ndiyo feza ya chumvi, ya nguo na ya masomo ya watoto. Mama aliyekuwa na haraka ya kuuza akapunguza siku za kulowesha, kutoka tatu hadi mbili, hata moja. Unga ukaonekana mweupe na mzuri kama ule wa kwanza, na jicho halikuona tofauti yoyote. Lakini sumu ilikuwa imebaki ndani, na miguu ikafungwa katika nyumba za wale waliokula ugali ule kila siku bila kitu kingine cha maana. Konzo ni ugonjwa wa vijijini: mtu wa mjini, mwenye kuchanganya ugali wake na samaki, maharagi na mkate, haumpati.

Tusiwahukumu wale akina mama. Aliyewahi kukaa kando ya njia na kungoja gari linalopita mara moja kwa juma anajua namna siku mbili zinavyoweza kuwa na bei. Tunachotaka msomaji akione ni hiki: hakuna aliyechagua kulemaa. Walipunguza tu desturi moja, kwa siku moja au mbili, nao hawakujua ile desturi ilikuwa inalinda nini.

Njaa na vita hufanya kazi ile ile kwa nguvu zaidi. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali katika jimbo la Nampula, nchi ya Msumbiji, watu zaidi ya 1.000 walilemaa kwa ugonjwa huo, unaoitwa huko mantakassa. Katika Kivu ya Kusini, mahali ambapo konzo haikujulikana zamani, waganga walitangaza mwaka 2011 ya kuwa wameiona huko Burhinyi, baada ya miaka ya vita. Mtu anayekimbia hawezi kungoja muhogo siku tatu mtoni. Kwa hiyo wasomaji wetu wa mashariki wasifikiri kwamba tunawasimulia habari za Kwango tu.

Kwa unga uliokwisha kutwangwa, ambao hatujui ulilowa siku ngapi, kuna njia nyingine iliyopatikana na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Ni rahisi hata mtoto wa katekisimu ataishika. Mama anatia unga katika beseni, anausawazisha, na kuweka alama mahali unapofika. Anamimina maji na kukoroga. Unga unashuka kwanza, na maji yakizidi kuongezwa unapanda tena. Unapofika kwenye alama, anaacha kumimina. Halafu anautandaza juu ya mkeka au ungo, mwembamba, usizidi upana wa ukucha wa kidole kidogo, na kuuacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inageuka hewa na kwenda zake. Jioni ile ile anasonga ugali kwa unga huo. Njia hii ilijaribiwa mwaka 2010 na kuendelea katika kijiji cha Kay Kalenda, upande wa Popokabaka, ambako konzo ilikuwa imewalemaza watu wengi. Akina mama waliishika, na muda wote wa kazi hiyo hakupatikana mgonjwa mpya.

Haina gharama yoyote. Inahitaji beseni, maji, mkeka na mtu wa kuifundisha. Katekista aliye mahali pa muhogo mchungu anaweza kuifanya mbele ya kanisa siku ya Jumapili, baada ya sala. Lakini asihubiri juu yake: alete beseni, na amwombe mama mmoja anayeheshimiwa aikoroge mwenyewe mbele ya wenziwe. Mama akifundishwa na mama mwenzake hasahau.

Sisi wenyewe, na vile vinavyotufunga

Wengi kati ya wasomaji wetu hawatapata konzo. Meza ya misioni ina samaki, na pia ina vitu vingine. Lakini ile kanuni tuliyoiona mtoni inafanya kazi mezani petu, kwa njia ndefu zaidi: kitu hakionekani, hakiumi, kinarudiwa kila siku, na siku kinapojionyesha miguu imekwisha kwenda.

Tusemeje juu ya tansio? Damu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, na mtu hajui. Anasoma Misa, anapanda moto, anacheka na wageni. Wengi hudai kwamba watasikia kichwa kinauma. Tunawaambia kwamba tansio ya juu kwa kawaida haisemi kitu. Chombo cha kupimia peke yake ndicho kinachojua: 120 kwa 80 ni vizuri; ikipimwa siku mbalimbali na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi, ni ugonjwa. Ukiachwa miaka, mshipa wa kichwani unaziba au kupasuka, na upande mmoja wa mwili unapooza. Hapo padri wa miaka 55 anaanza kujifunza upya kushika kijiko. Orodha ya Katz imemwangukia yote kwa saa moja.

Chumvi ina sehemu kubwa katika jambo hili. Shirika la Afya la Dunia linataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kasoro ya kijiko kidogo cha chai, na hapo huhesabiwa chumvi yote, pamoja na ile iliyojificha. Imejificha wapi? Katika makayabo, katika samaki wa kukausha, katika sardini za mkebe, na zaidi katika vile vipande vya Maggi ambavyo mpishi hutia viwili, kisha chumvi juu yake, kisha mgeni anaongeza nyingine mezani bila hata kuonja. Makayabo yaloweshwe maji mengi, na maji yabadilishwe mara kadhaa. Mpishi achague kipande au chumvi, asitie vyote. Ulimi utanung'unika majuma machache tu, halafu utazoea; tena utaanza kuonja kitunguu na nyanya, ambavyo ulikuwa umevisahau.

Na mwenye kupewa dawa za tansio azinywe kila siku. Wapo wanaoziacha mara wanapopimwa na kukutwa sawa, wakisema wamepona. Hawajapona, ni dawa iliyokuwa ikiushika ugonjwa. Padri haachi Breviari kwa sababu jana alisali vizuri.

Ugonjwa wa sukari ni ndugu yake wa karibu. Huanza kwa kiu na mkojo mwingi, au bila dalili yoyote, na kwa miaka huharibu macho, figo na neva za miguu. Katika nyayo hatari ni ajabu: mguu usiouma ndio unaoogopwa. Mtu ana jiwe dogo katika kiatu chake tangu asubuhi, wala hajui. Jioni ana kidonda, na kidonda hakikauki, na mwisho wake unaweza kuwa msumeno wa munganga. Hapa desturi inayookoa ni ndogo mno. Kila asubuhi akung'ute viatu kabla ya kuvivaa. Asitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kila jioni aoshe miguu, aikaushe katikati ya vidole, na kuitazama chini, kwa kioo ikiwa mgongo haukunji tena. Waseminari wamezoea kuchungua dhamiri kila jioni. Mwenye ugonjwa wa sukari achungue na nyayo zake.

Juu ya pombe hatutasema mengi, kwani kila mtu anajua zaidi ya anavyokiri. Padri anayezuru vijiji hupokewa kwa chupa, na katekista hupokewa kwa kasiksi au kwa lutuku. Kukataa kunaonekana kama dharau. Kukubali kila mahali ni kuharibu tansio, ini na mwendo wa miguu. Mwaka 2023 Shirika la Afya la Dunia lilisema wazi kwamba hakuna kipimo cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Wengine humtaja Timoteo na tumbo lake. Sawa; lakini Paulo alimwandikia juu ya divai kidogo, si juu ya sanduku zima la chupa. Twaona vema padri na wazee wa kijiji wakubaliane mapema, hata kwa kutangaza kanisani, kwamba mgeni wa Misa atapewa maji, ndizi, karanga au mahindi ya kuchoma. Desturi ya ukarimu inabaki ile ile, ila kitu kilichomo mkononi kinabadilika. Tumbako nayo tunaiweka katika kapu moja na haya, pasipo maneno mengi: inaziba mishipa ile ile.

Kiti kinachokula miguu

Limebaki jambo ambalo halihesabiwi kuwa ugonjwa, nalo ni kukaa. Makatekista wa kwanza walikwenda kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji, wengine baadaye kwa kinga. Mapadri vilevile. Leo kuna moto na gari, nasi hatusemi zitupwe. Mgonjwa anayengoja Mpako hawezi kungoja mwendo wa miguu. Lakini mwili haukuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Shirika la Afya la Dunia linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa juma za kazi inayoharakisha pumzi, kama kutembea upesi au kulima. Na waliopita miaka 65 waongeze, siku tatu kwa juma au zaidi, mazoezi ya kusimama imara ili wasianguke. Mseminari anayenung'unikia kazi za mikono za saa kumi alasiri asome tena sentensi hiyo.

Misuli ya miguu ni mali isiyowekwa akiba; isipotumiwa inaondoka. Mwaka 2007, huko Marekani, wazee wachache wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10 tu kwa ajili ya uchunguzi. Walipoinuka, walikuwa wamepoteza kama kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10! Hawakuwa wagonjwa, hawakufunga chakula; walilala tu. Kwa hiyo mzee akipata malaria au kikohozi, mara homa inapopungua asimamishwe, akae kitini, aende mpaka mlangoni. Tunawaona wengi waliolazwa kwa ugonjwa mdogo wakatoka wameponywa ugonjwa huo na kupoteza miguu. Na chakula cha mzee kisiwe uji na chai siku nzima, kwani misuli inajengwa kwa maharagi, ndakala, mayai na karanga.

Kipimo cha nyumbani ni hiki: kaa juu ya kiti kisicho na mikono, funga mikono kifuani, halafu simama. Ukiweza mara kadhaa bila kujitegemeza, miguu ingali yako. Ukishindwa, uanze leo: simama na kukaa mara tano asubuhi na mara tano jioni, karibu na ukuta, na kuongeza kadiri nguvu zinavyorudi.

Yafaa tuwaonye hapa wale wanaowapenda wazee, nao ndio wasomaji wetu vijana. Katika nyumba nyingi za mapadri, mzee akiinua mkono tu, tayari mseminari amekwisha kuleta kikombe. Wanamvalisha viatu, wanambebea kitabu, wanamletea maji ya kunawa hata kitini. Nyumbani kwa makatekista wazee, wajukuu hufanya vivyo hivyo, na jirani huwasifu. Ni heshima, nasi hatutaki heshima iondoke katika nchi yetu. Lakini kila kazi ndogo anayofanyiwa mzee ni hatua moja aliyonyang'anywa, na baada ya mwaka mmoja haiwezi tena. Basi kabla ya kumsaidia, tumwulize: "Baba, utaweza mwenyewe?" Akijibu ndiyo, tungoje, hata kama kifungo kimoja cha shati kinamchukua dakika mbili. Tumpe mkono kwenye ngazi za altare, maana kuanguka kunavunja nyonga, na nyonga ya mzee ikivunjika mara nyingi hatembei tena kama zamani. Tuweke taa njiani kwenda chooni, tuondoe mkeka unaoteleza, tutengeneze kipini cha kushika ukutani mahali pa kuogea. Na maji ya kuoga tusimpelekee ndoo nzima wala tusimmiminie sisi: tumwekee nusu ndoo, ambayo anaweza kuinua mwenyewe.